Mpishi wa Lipangalala

Wapangaji wote tulimwita Mpishi, naye akaitika. Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za umeme, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitaja. Alikuwa amepika miaka mingi kwenye kantini ya wafanyakazi wa shamba la miwa, na alipostaafu akaja kujenga Ifakara, mtaa wa Lipangalala. Yeye aliishi chumba cha mbele, na vyumba vitatu vya nyuma akatupangisha wanafunzi. Nilikaa kwake karibu miaka miwili nikisomea utabibu. Haya ninayoyaandika nilitakiwa kuyasema kwa mdomo, mchana wa Jumatatu moja, na yangechukua dakika moja tu. Sikuyasema.

Sijui alizaliwa wapi. Aliwasalimia Wapogoro kwa Kipogoro, Wasukuma wenye ng'ombe kwa Kisukuma, na mama mmoja Mnyakyusa jirani yetu kwa Kinyakyusa, kiasi kwamba kila mmoja alidhani ni wa kwao. Hata dini yake ilitushinda. Alikuwa na seti mbili za sufuria, moja imefungwa kitambaa cha kijani kwenye mshikio, na hazikuwahi kukutana hata kwenye beseni la kuoshea. "Shambani nilipikia watu wa kila namna," alisema. "Mtu akikaa kwenye meza yangu asiwe na sababu ya kuniuliza swali."

Nilifika kwake kutoka Masagati, kule mbele ya Mlimba, nikiwa na gunia la mchele wa nyumbani na ndoo ya maharage. Nilidhani ni chakula cha muhula mzima. Lakini nilikuwa nikirudi kutoka chuoni nimechoka, nawasha mkaa, napika wali mwingi kuliko ninaoweza kula, kesho yake unachacha namwaga. Maharage nayo yalihitaji muda ambao sikuwa nao, kwa hiyo nikawa nanunua chipsi. Hela ya chipsi ilipoisha nikahamia kwenye chai na andazi.

Siku moja alinikuta uani nikifua.

"Binti, leo umekula nini?"

"Nimekula, mzee."

"Sijauliza kama umekula. Nimeuliza nini."

"Chai."

"Na jana?"

Nikakamua nguo.

"Unasomea kutibu watu," alisema. "Jumamosi saa moja asubuhi uwe jikoni kwangu. Funga nywele."

Jumamosi hiyo niliwakuta Rehema na Masunga, wapangaji wenzangu wawili, wameshaanza kukata vitunguu. Kumbe wao walikuwa wamepitia swali lile lile kabla yangu. Koridoni kulikuwa na friza kubwa la kulala, la zamani, ambalo Mpishi alilinunua ili auze barafu. Biashara ya barafu haikwenda, kwa hiyo akaligawa kwa vipande vya mbao: upande huu wa Rehema, huu wa Masunga, na sasa huu wangu. Kila Jumamosi tulipika chakula cha wiki nzima, tukakigandisha, na siku za chuo tukawa tunatoa kopo moja moja.

Nimesomeshwa na walimu wengi tangu hapo, lakini sijaona mtu aliyefundisha kwa maneno machache kama yule. Maharage yalilowekwa tangu Ijumaa. Yakishaiva nusu yaliungwa nazi na nusu yakabaki hivyo hivyo, ili usile ladha moja siku nne. Samaki aliwakaanga kwanza ndipo akawatia kwenye mchuzi, maana samaki mbichi kwenye mchuzi uliogandishwa hutoka amevunjika. Viazi vilikatazwa kabisa. "Kiazi kikitoka kwenye friza ni sponji. Ogea." Wali aliumwaga kwenye sinia pana upoe haraka, kisha tukaujaza kwenye mifuko tukiilaza bapa kama vitabu. Mchele wenyewe ulikuwa chenga, zile punje zilizovunjika, tulizonunua mashineni kwa bei ya chini. Alituonyesha kuzichemsha kwa maji machache mpaka mgeni asijue. Mifupa ya ng'ombe ilichemka asubuhi nzima, na makande yakatiwa karanga zilizosagwa ili yashibishe hadi jioni.

Sheria zake zilikuwa chache na hakuzirudia. Hakuna cha moto kuingia frizani. Kopo lisijae, liachwe upana wa kidole, kwa sababu chakula kikiganda hutanuka. Kilichoyeyuka hakirudi. Kila kopo liandikwe kwa plasta na kalamu, jina na tarehe. Plasta nilizileta mimi kutoka chuoni, na alifurahi kama nimemletea zawadi.

Na sheria ya mwisho: plagi ya friza haiguswi. Soketi ya koridoni ndiyo pekee iliyokuwa na nguvu ya kutosha. Ukichomeka pasi chumbani, umeme ulikatika nyumba nzima. Mwenye kutaka kunyoosha nguo alimwita Mpishi, naye akachomoa friza mwenyewe, akasimama pale ukutani hadi umalize, akachomeka tena. Hakukaa. Alisimama, hata kama una mashuka.

Jambo la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakula chakula cha friza. Kila mchana alijipikia ugali mdogo na mlenda, akala peke yake mlangoni pake. Nilimuuliza kwa nini.

"Hicho ni chakula cha wenye haraka," alisema. "Mimi haraka yangu niliimalizia kantini."

Alikuwa mkali pia. Wakati fulani nilitia magadi kwenye maharage ili yaive upesi. Alionja kijiko kimoja, akabeba sufuria nzima hadi nyuma ya choo, akamwaga. Mtu ambaye hakuruhusu ganda la kitunguu litupwe kabla halijachemshiwa supu! Nililia, naye akanitazama tu. Alasiri akabisha hodi chumbani kwangu na kikombe cha maharage mengine, yake, akaniambia nipime mwaka huu kiungulia cha wenzangu darasani nione kama hajaniokoa. Akaondoka akicheka mwenyewe.

Kabla sijafika kwenye ile Jumatatu, lazima niseme habari ya wageni, maana hapo ndipo nilipoanza kumwonea aibu mtu ambaye alistahili nijivunie.

Mwaka wa pili nilipata marafiki chuoni, wasichana wawili wa mjini waliovaa vizuri na kula chipsi kuku bila kuhesabu vipande. Sikutaka wajue kwamba ninakula chenga na mifupa. Siku walipokuja kunitembelea bila kuniambia, walimkuta Mpishi jikoni amevaa aproni yake ya kantini, anapakua makande. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mzee ni nani?"

Nikasema, "Ni mpishi wetu."

Kwa maneno hayo sikudanganya. Lakini niliyasema kwa namna ile ambayo mtu humtaja mtumishi, na wao wakayasikia hivyo hivyo. Yeye pia alisikia. Alifuta mikono, akatuletea sahani tatu kwenye sinia, akainama kidogo.

"Karibuni, wageni wa bosi. Mkihitaji chumvi mniite."

Wakacheka. Nami nikacheka. Alituletea maji ya kunawa, akashika birika mwenyewe akitumiminia, mtu wa umri wa babu yangu, nami nikanyoosha mikono nikanawa. Hadi leo nikinawa mikono mbele ya mtu mzima huwa naharakisha.

Hakunisema. Jumamosi iliyofuata nilikuta beseni zima la vitunguu limewekwa mbele ya kigoda changu. Rehema alitaka kunisaidia akamzuia. "Mwache bosi," alisema. "Watumishi wake tuko likizo." Nilimenya vyote, na machozi yangu yalikuwa na visingizio.

Sasa ile wikiendi.

Ilikuwa imebaki wiki mbili tufanye mitihani ya mwisho. Tulikuwa tumepika Jumamosi mbili mfululizo ili siku za kusoma tusiguse jiko. Friza lilijaa hadi mfuniko ulifungwa kwa kukaliwa. Alhamisi mchana Mpishi alilichomoa ili abandue barafu iliyoota ukutani, kama alivyofanya kila mwezi. Sote tulimwona. Jioni ile Rehema na Masunga wakaenda kwao, kwa kuwa Jumatatu ilikuwa sikukuu. Ijumaa alfajiri Mpishi naye akaenda msibani Mkula, ambako binti yake ameolewa. Nikabaki peke yangu.

Ijumaa jioni nilifungua friza nikatoa kopo la maharage. Lilikuwa gumu kama jiwe. Liweke hilo moyoni, wewe unayesoma, maana mimi niliujua ukweli huo peke yangu duniani.

Jumamosi adhuhuri wale marafiki walinipigia simu kwamba gari la kwenda kwenye sherehe ya kumuaga mwenzetu anayeolewa limeshatoka kwao, linapita kunichukua. Gauni langu lilikuwa limekunjamana. Nikachomoa friza, nikachomeka pasi. Nilikuwa napiga upande wa pili wa gauni honi ilipolia nje. Nikachomoa pasi, nikavaa, nikakimbia.

Baada ya sherehe nililala kwa wale marafiki siku mbili, nikarudi Jumatatu mchana. Harufu ilinipokea getini.

Mpishi alikuwa ametangulia kufika. Alikuwa ametoa makopo yote na kuyapanga sakafuni koridoni kwa majina, kama vile yangehesabiwa. Rehema alikuwa amekaa kizingitini, ameshika kichwa. Masunga alikuwa anachimba shimo nyuma ya nyumba. Plagi ilikuwa inaning'inia.

"Nilichomeka," Mpishi alikuwa akisema. "Alhamisi nilipomaliza nilichomeka. Nakumbuka nilichomeka."

"Mzee," Masunga alisema kwa heshima kabisa, amesimama na jembe, "kama ulichomeka, nani amechomoa? Sisi hatukuwepo."

Mpishi akanigeukia. Sitaisahau sura yake, kwa sababu haikuwa ya kunishuku. Ilikuwa ya mtu anayeomba shahidi.

"Binti wa Masagati, wewe ulibaki. Ijumaa hukufungua friza? Hukukuta limeganda?"

Nilifikiria mambo madogo madogo. Nilifikiria Rehema atanitazamaje. Nilifikiria kwamba niliambiwa plagi haiguswi. Nilifikiria nitafukuzwa, na mitihani iko wiki mbili, na niende wapi. Gauni lenyewe nilikuwa bado nimelivaa.

"Hapana, mzee," nikasema. "Ijumaa nilikula kwa rafiki."

Aliitazama plagi. Kisha akasema, "Basi ni mimi."

Tulibeba makopo hadi shimoni. Alikataa tuyamwage sisi. Aliyafungua mwenyewe, moja baada ya jingine, akisoma plasta: maharage ya Rehema, supu ya Masunga, wali wa binti wa Masagati. Kila alipomaliza jina alisema, "Nisameheni." Aliniomba msamaha mimi mara tisa. Nilihesabu, kwa kuwa sikuweza kufanya kitu kingine chochote.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Lakini kuanzia siku ile mtu yule alibadilika mbele ya macho yangu. Alikuwa anatoka getini kwenda sokoni, anarudi kugusa plagi. Anatoka tena, anarudi kuangalia jiko la gesi. Alionja mboga mara tatu akiuliza, "Nimeshatia chumvi?" wakati mkono wake ulikuwa bado umeshika kopo la chumvi. Jumamosi ile hatukupika. Alisema mafua yamembana.

Rehema, kwa nia njema tu, alimpigia simu binti yake. "Mzee anaanza kusahau, dada. Njooni mmwone." Binti yake alikuja siku hiyo hiyo. Ni mwanamke mpole, mwenye duka barabarani pale Mkula, na alimpenda baba yake waziwazi. Alisikiliza habari ya friza kutoka kwa Rehema, akaisikia kwa Masunga, kisha akaniuliza na mimi kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akasema anayesahau friza leo atasahau gesi kesho, na yeye hawezi kulala usingizi baba yake yuko peke yake na moto.

Mpishi hakubisha hata neno. Friza liliuzwa. Nyumba ikapewa mtu wa kuisimamia. Siku ya yeye kuhamia kwa binti yake Mkula nilisaidia kubeba sufuria hadi kwenye gari, zile za kitambaa cha kijani nikaziweka mbali na nyingine bila kuambiwa, naye akaniona akasema, "Wewe ulishika somo." Nilikuwa nimejiapiza kusema baada ya mtihani. Mtihani uliisha, na yeye hakuwepo tena.

Miaka sita ilipita. Mkula si mbali na Ifakara, na basi la kwenda Kidatu hupita pale pale mbele ya duka la binti yake. Nilipita mara nyingi, na kila mara nilikaa upande wa pili. Kisha mwaka jana nikahamishiwa kwenye zahanati ya kijiji cha jirani, ambayo watu wa Mkula huitumia. Ningeweza kumtafuta. Nilisema nitamtafuta nikishapanga nyumba, kisha nikishazoea kazi.

Aliletwa yeye. Ilikuwa Jumatano, na kliniki ilikuwa imejaa. Binti yake alimshika mkono akamkalisha kwenye kiti kama mtoto.

"Dokta, ni presha," alisema bila kunitambua. "Na pia ana tatizo la kusahau, la siku nyingi. Lilianza akiwa Ifakara. Siku hizi hapiki, hata chai namwekea kwenye chupa. Haendi popote bila mtu."

Nilimsalimia Mpishi shikamoo. Alikuwa amepungua sana. Kwa kuwa nilitakiwa kumpima kumbukumbu, nikamuuliza leo ni siku gani.

"Jumatano," alisema, kisha akamtazama binti yake. Binti akatikisa kichwa kukubali.

"Mwezi gani?"

Akautaja sawasawa. Akamtazama tena binti yake.

Nilimuuliza mambo saba. Alijibu yote saba bila kosa, na mara saba aligeuka kuomba kuthibitishiwa. Nikashindwa kuandika.

"Unanifahamu, mzee?"

"Binti wa Masagati," alisema papo hapo. Na kwa hilo pia akageuka kumtazama mwanawe, ambaye safari hii alinitazama mimi.

Nikaweka kalamu chini. "Mzee, hukusahau friza. Alhamisi ulichomeka. Ijumaa nilifungua mimi nikalikuta limeganda. Jumamosi nikalichomoa ninyooshe gauni, nikaondoka. Uliponiuliza nikakudanganya."

Mlango wa chumba changu ni pazia tu, na watu kwenye benchi walisikia kila neno.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Taratibu. Huyu asikie."

Nikarudia mara ya tatu, nikimtazama binti yake. Alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga. "Miaka sita?" alisema. "Miaka sita namfungia baba yangu jiko?"

Mpishi aliitazama mikono yake. "Wiki ya kwanza nilijua kabisa nilichomeka," alisema. "Hata kidole kilikuwa kinakumbuka. Halafu ninyi watatu mkasema. Nikawaza, wote hawa watatu wakosee, nipatie mimi mzee? Nikaamua kutojiamini. Nimekuwa najiogopa mimi mwenyewe, binti. Usiku naamka kuangalia kama nimevaa."

"Nisamehe, mzee."

"Hilo lisubiri," alisema, bila ukali. "Pima presha."

Nilimpima. Ilikuwa juu. Nikampa dawa, nikamweleza namna ya kuzimeza, naye akanirudishia maelezo yote kama nilivyoyasema. Hakugeuka kumtazama mtu.

"Nirudi lini?"

"Jumatano ijayo."

"Andika hapo kwamba nitakuja peke yangu."

Nikaandika.

Jumatano iliyofuata nilimwona kupitia dirisha akivuka barabara, amesimama kwanza kupisha lori la miwa, kisha akatembea polepole hadi benchi la wagonjwa, akauliza nani wa mwisho, akakaa. Sikuweza kumwacha akae pale kwenye joto. Nikatoka, nikainama mbele yake, nikamwambia mzee karibu ndani, nitakuona kwanza.

Akatikisa kichwa.

"Zamu yangu naijua," alisema. "Yule mama mwenye mtoto ni wa sita. Mimi ni wa saba."

Nikarudi ndani kuwaona sita waliomtangulia.